Fugazi na Hesabu ya Kiingilio cha Dola 5

Anayeizungumzia bendi ya Fugazi ya Washington, D.C. karibu kila mara huanza na mambo iliyoyakataa: haikuwa na meneja, haikuuza fulana, haikusaini mkataba na kampuni kubwa, na kiingilio cha maonyesho yake kwa kawaida kilikuwa dola 5. Yote ni kweli, ila simulizi hiyo imewafanya wanamuziki hawa wanne waonekane kama watawa. Mimi nawaona kama watu waliojua kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ilianza kabla ya Fugazi kuwapo. Mwaka 1980 bendi ya vijana wa panki, Teen Idles, ilivunjika ikiwa na akiba ya takriban dola 600 za maonyesho. Badala ya kugawana, Ian MacKaye, Jeff Nelson na wenzao walizitumia kutoa santuri ndogo, na ndivyo lebo ya Dischord ilivyozaliwa. Walibandua jalada la santuri ya Uingereza ili waone lilivyokunjwa, wakalichora upya, wakachapisha, kisha wakakaa kukata, kukunja na kugundisha majalada moja moja kwa mikono yao. Dischord haikuwaandikisha wasanii mikataba. Gharama zikisharudi, faida iligawanywa kati ya lebo na bendi, basi.

Fugazi ilipanda jukwaani mara ya kwanza Septemba 1987: MacKaye huyo huyo kwenye gitaa na sauti, Joe Lally kwenye besi, Brendan Canty kwenye ngoma. Muda mfupi baadaye Guy Picciotto akajiunga nao.

Tuje kwenye zile dola 5. Marekani kijana haruhusiwi kununua pombe mpaka afike miaka 21, na kumbi nyingi huishi kwa mauzo ya baa. Mwenye ukumbi wa namna hiyo hapati chochote kwa shabiki wa miaka 16, kwa hiyo humwacha nje. Fugazi walitaka huyo naye aingie. Ikabidi watafute kumbi za makanisa, vituo vya jamii na majumba ya michezo, na MacKaye mwenyewe ndiye aliyeshika simu kupanga tarehe na waandaaji. Hapakuwa na meneja wa kukatiwa asilimia, wala taa na mapambo ya kukodi. Ukiondoa matumizi hayo, ukumbi uliojaa huacha fedha ya kutosha hata kwa kiingilio kidogo. Mahali palipokuwa ghali zaidi, bei nayo ilisogea kidogo.

Bei hiyo iliwapa pia mamlaka. Mtu alipoanza kuwaumiza wenzake mbele ya jukwaa, bendi ilisimamisha wimbo ikazungumza naye. Asiposikia, alitolewa nje na kurudishiwa dola 5 zake ndani ya bahasha. Hakubaki na cha kudai.

Kwangu mimi, walichovuna zaidi ni muda. Mwaka 1992 walikwenda Chicago kurekodi na Steve Albini, mtayarishaji aliyeheshimika sana. Waliposikiliza matokeo, hayakuwaridhisha, nao wakayaweka kando yote na kurudi nyumbani kurekodi upya katika studio ya Inner Ear. Bendi iliyokwisha kula fedha za kampuni ingebanwa na tarehe ya kutoa kazi. Fugazi hawakuwa na wa kuwabana, na albamu iliyotoka 1993, In on the Kill Taker, ndiyo yao ya kwanza kuingia kwenye chati ya Billboard 200. Hizo zilikuwa siku ambazo kampuni kubwa, baada ya mafanikio ya bendi ya Nirvana mwaka 1991, zilizisaka bendi za aina hii kila kona.

Inanisikitisha kwamba mjadala wa bei huufunika muziki. Sikiliza Waiting Room ya mwaka 1988: besi ya Lally inatangulia peke yake, ngoma na gitaa zinaingia, halafu ghafla bendi nzima inanyamaza. Sekunde chache za ukimya, kisha wote wanarudi kwa pigo moja. Ujasiri huo wa kuacha nafasi tupu ulikua albamu hadi albamu, mpaka The Argument ya 2001, ambayo naiona kuwa kilele chao.

Mfumo huu ulikuwa na mpaka wake. Ulitegemea watu walioweza kukaa njiani kwa miezi, na wasio na watoto wa kulea. Baada ya onyesho la London Novemba 2002, majukumu ya familia yakawazidi, nao wakasimama bila kutangaza kuvunjika. Hawakuwa na deni la kampuni lililowalazimisha kuendelea, wala mkataba wa kuwatoza kwa kuacha. Lally na Canty baadaye waliungana na mpiga gitaa Anthony Pirog kuunda The Messthetics, na MacKaye akatoa albamu na bendi yake ya Coriky mwaka 2020, Lally akiwa tena kwenye besi, chini ya lebo ile ile ya Dischord.