Kicheza muziki kikianza kugonga, okoa nyimbo kwanza

WAKAZI wa Kishushe, kaunti ya Taita Taveta, hawahitaji kufunzwa chuma ni nini, kwani mawe yenye madini hayo huchimbwa papo hapo kwao. Si ajabu basi mtu wa huko, kicheza muziki chake kinaponyamaza ghafla, akashuku ardhi anayoikanyaga. Nyimbo zimehifadhiwa kwa nguvu za sumaku. Je, mawe ya chuma hayawezi kuzifuta?

Hayawezi. Usumaku wa mawe hayo ni hafifu mno. Wala vumbi la barabarani si mshukiwa mkuu, kwa kuwa diski imefungiwa ndani ya kasha lenye kichujio cha hewa. Vumbi hupata mwanya pale tu mtu anapolifungua kasha hilo.

Ukweli ni kwamba chuma na muziki vina udugu wa zamani. Kanda za kaseti zilipakwa oksidi ya chuma, na ndivyo zilivyokuwa diski za kwanza za tarakilishi zilizotolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1956. Apple ilipozindua iPod mnamo Oktoba 2001, iliweka ndani yake diski ndogo ya gigabaiti 5 inayozunguka mara 4,200 kwa dakika.

Juu ya diski hiyo huelea kichwa cha kusomea, bila kuigusa. Pengo lililopo kati yao ni jembamba kuliko unywele mara maelfu kadhaa. Hapo ndipo penye udhaifu. Kifaa kikianguka au kikirushwarushwa na matatu kwenye barabara mbovu huku diski ikizunguka, kichwa chaweza kuukwaruza uso wake. Joto kali na uzee humalizia kazi. iPod ya mwisho yenye diski ya aina hiyo iliondolewa sokoni mwaka wa 2014, hivyo zilizosalia mikononi mwa watu ni kuukuu.

Dalili hujulikana. Kifaa hutoa mlio wa kugongagonga, wimbo hukwama katikati, au kioo huonyesha picha ya uso wenye huzuni. Hata hivyo, mtu asikate tamaa upesi. Betri dhaifu hushindwa kuzungusha diski na kuleta dalili zinazofanana na hizo. Kwa hivyo kwanza kichajiwe kikamilifu, kisha kiwashwe upya. Katika iPod nyingi zenye gurudumu la kubofya, kitufe cha menyu na kile cha katikati hubonyezwa pamoja kwa sekunde kama kumi.

Kikiwaka, kisitumiwe kusikiliza muziki. Kiunganishwe na tarakilishi na kila kilichomo kinakiliwe mara moja, tukianza na kisichopatikana kwingine: rekodi ya kwaya ya kanisa, au sauti ya nyanya aliyefariki akisimulia hadithi kwa Kidawida. Wimbo wa dukani hununuliwa tena. Sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili.

Hapa wengi hujikwaa. Tarakilishi huweza kupendekeza kukirejesha kifaa katika hali yake ya awali. Atakayekubali atafuta kila kitu. Aidha, iPod huficha nyimbo katika folda isiyoonekana na kuzipa majina ya herufi nne. Asiyejua hilo hudhani zimepotea, ilhali tarakilishi ikiagizwa kuonyesha folda zilizofichwa, zitaonekana.

Diski ikiwa haizunguki kabisa, isipigwe wala kutiwa kwenye jokofu, na fundi wa mtaani asiifungue. Kazi hiyo hufanywa na wataalamu katika chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Kwa rekodi isiyo na mfano, huenda ikafaa kulipia.

Chombo chenyewe kinaweza kupona. Katika modeli nyingi, fundi mwenye mikono mizuri huiondoa diski na kuweka kadi ya kumbukumbu kupitia kiunganishi kidogo. Kadi haina kitu kinachozunguka, hivyo haiogopi mashimo ya barabarani.

Lakini kadi nayo hufa. Kinga ya kweli ni nakala mbili zilizowekwa mahali tofauti, kabla mlio wa kwanza haujasikika. Akiba haiozi.