Mtoto Anayeulizwa "Umejuaje?"

Mzazi anayetafuta shule huanza kwa kutazama matokeo ya mtihani, halafu majengo, halafu ada. Mimi ningemshauri aombe kwanza madaftari ya Darasa la Tatu. Madaftari matano ya watoto watano yakiwa na sentensi zilezile, mifano ileile na hata makosa yaleyale, watoto hao wananakili ubao. Lakini ukikuta kila daftari lina mchoro wake, hesabu moja imefanywa kwa njia mbili, na chini ya jibu lililokosewa mtoto ameandika alipopotea, mwalimu wa darasa hilo anawaacha wanafunzi wafikiri.

Ufundishaji huo wataalamu wanauita ujenzi wa maarifa. Wanaotajwa zaidi kama waasisi wake walizaliwa mwaka mmoja, 1896: Jean Piaget wa Uswisi na Lev Vygotsky wa Urusi. Piaget aliwaonyesha watoto maji yakimiminwa kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba. Wa miaka minne au mitano walisema maji yameongezeka, kwa kuwa yamepanda juu. Mtoto wa umri huo ukimwambia ni yaleyale, ataitikia ili kukuridhisha, na kesho atarudia jibu lake. Anahitaji kumimina mwenyewe, kurudisha, kubishana na mwenzake. Vygotsky aliongeza jambo ambalo shule nyingi hulisahau: yapo mengi ambayo mtoto hayawezi peke yake leo, lakini anayaweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa ujenzi wa maarifa hakai pembeni. Kazi yake ni nzito kuliko ya anayehutubia.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili limo katika mitaala ya serikali tangu 2005, tulipoanza kusema umahiri badala ya maudhui, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelikazia. Shule binafsi ikikwambia inatoza zaidi kwa sababu inatumia mbinu shirikishi, ujue mbinu hizo zinatakiwa hata kwenye shule ya kijiji.

Tumchukue mzazi wa Kitura, katika milima ya Mbinga. Anaweza kumwandikisha mwanawe shule ya msingi iliyo karibu, au akauza kahawa na kumpeleka Mbinga mjini au Songea kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wengi huona la pili ndilo pendo kubwa zaidi. Nauheshimu moyo huo, lakini mtoto hujenga maarifa kwa kusema: kukisia, kupinga, kueleza sababu. Mtoto wa miaka saba aliyezoea Kimatengo na Kiswahili, ukimfundisha kwa lugha ambayo anajua kuitikia tu, umemnyang'anya chombo cha kazi. Shule ya Kiswahili yenye maswali mazuri naiweka mbele ya shule ya Kiingereza inayokaririsha. Na bweni kwa mtoto mdogo ni hasara nyingine. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2023 ulizuia bweni kuanzia awali hadi Darasa la Nne, na hata usingekuwapo, mtoto hujifunza jipya kwa kuliunganisha na analolijua, na mengi anayoyajua yako nyumbani.

Kitura ina utajiri ambao shule za mjini hazina. Chukua ngoro, mashimo ambayo Wamatengo wameyatumia kwa vizazi kulima miteremko mikali. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo huchimbwa katikati na kufukia nyasi hizo, na mteremko mzima hubaki na vishimo vilivyozungukwa na matuta. Mwalimu anaweza kuwapeleka Darasa la Tano wakapime shimo, wakadirie litabeba ndoo ngapi, wamwage maji kwenye mteremko mtupu na kwenye ngoro, kisha waulizwe: udongo umekwenda wapi? Kwa nini nyasi zilifukiwa badala ya kuchomwa? Watoto watabishana, wengine watakwenda kumuuliza bibi. Baada ya hapo maneno mmomonyoko na mboji yanapoandikwa ubaoni, yana mahali pa kukaa. Kule Mbamba Bay na Liuli, kwenye Ziwa Nyasa, somo la namna hiyo lingefanywa kwa kupima samaki wadogo waitwao usipa wakiwa wabichi na kuwapima tena wakishakauka.

Tahadhari: shamba la shule peke yake halithibitishi kitu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 tumekuwa na mashamba mengi ambamo watoto walilima tu, bila kuulizwa swali lolote. Pia usiikimbie shule kwa sababu inafundisha herufi moja kwa moja, kwa sauti na kwa kurudia. Hakuna mtoto anayeweza kuvumbua alfabeti, na asiyejua kusoma hatajenga mengi.

Omba kukaa nyuma ya darasa kipindi kizima. "Tumeelewana?" na "Ndiyooo!" huko si kuulizana. Swali la kweli ni "Umejuaje?", na baada yake mwalimu hunyamaza na kusubiri. Angalia zaidi mtoto anapokosea. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, kwa makosa makubwa ya nidhamu. Jibu lisilo sahihi halimo. Darasa ambalo anayekosea huchapwa au huchekwa, wote hujifunza kunyamaza.

Mwalimu atakwambia wanafunzi ni wengi, na mara nyingi ni kweli: kiwango cha serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja, na darasa la 80 si ajabu. Makundi ya watano watano yanawezekana hata hapo, ila yanataka vifaa na watu wa kusaidia. Kama shule uliyo nayo ni moja tu, peleka hoja kwenye kamati ya shule. Kwa mfano, maharage ya ngoro hupandwa Machi. Kamati ikikaa Februari inaweza kukubaliana ni shamba la nani litatembelewa, ni mzee gani atajibu maswali ya watoto, na mwalimu yupi ataandaa somo la hesabu na la sayansi siku hiyo.