Namba Moja, Thamani Tatu: Idadi ya Watu wa Morogoro na Sarufi ya Hesabu

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,197,104 katika Mkoa wa Morogoro, kuanzia miteremko ya Uluguru hadi bonde la Kilombero. Kwa tarakimu, idadi hiyo haina utata. Utata huzuka inapokadiriwa katika elfu iliyo karibu, yaani 3,197,000, kisha ikatamkwa: milioni tatu, elfu mia moja tisini na saba.

Namba ya Kiswahili hujengwa kwa kanuni mbili. Kwanza, mia, elfu au milioni ikifuatwa na namba ndogo, huzidishwa kwa namba hiyo: elfu tatu ni 1,000 × 3. Pili, kiunganishi "na", ambacho mara nyingine huachwa, huashiria kujumlisha. Kinachokosekana ni mabano, kwani msikilizaji haambiwi kuzidisha kunaishia wapi. Kukichukua maneno yote yanayofuata elfu, thamani ni 3,197,000. Kukiishia kwenye tisini, ni 3,190,007. Kukiishia kwenye mia moja, ni 3,100,097.

Utata huu una mipaka. Kilele cha Kimhandu huko Uluguru kina kimo kinachozidi mita elfu mbili na mia sita, wala hakuna anayesikia 602,000, kwa sababu kiasi kikubwa hutangulia kidogo. Kwa kanuni hiyo hiyo, idadi kamili ya sensa inayomalizikia na "mia moja na nne" hueleweka, maana mia haiwezi kufuata saba ya mamoja. Hivyo ukadiriaji, unaokusudiwa kurahisisha, ndio unaoleta utata.

Kihisabati, thamani mbili za makosa hupungua kutoka ile sahihi kwa vigawe vya 999: 6,993 ni 7 × 999, na 96,903 ni 97 × 999. Kwa kuwa 999 hugawanyika kwa 9, mbinu ya kale ya kuhakiki hesabu kwa kujumlisha tarakimu hailioni kosa: namba zote tatu hutoa jumla ya 20. Kugawanya kwa 11 huzitenganisha, kwa baki 4, 7 na 0.

Lugha yenyewe ina tiba. Laki, neno lenye asili ya Bara Hindi, hutupa "laki moja na elfu tisini na saba" na kuondoa thamani ya tatu tu. Kugeuza mpangilio, "laki moja, tisini na saba elfu", huondoa na ya pili, kwani hapo tisini haina kazi ila kuizidisha elfu pamoja na saba.

Uchaguzi huo si pambo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za fedha, iliyoathiri sheria za Afrika Mashariki, huyapa maneno nguvu yanapohitilafiana na tarakimu. Anayeandika kiasi kwenye hundi au mkataba wa shamba hana budi kuyapanga maneno yake yasomeke kwa namna moja tu.