Sapoti Bila Miamala Ni Mstari Mtupu

Katika simu za vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya biashara ya mtandaoni, chati inayofunguliwa jioni si ya hisa za kampuni fulani bali ya fahirisi ya Marekani: S&P 500, Nasdaq 100 au Dow Jones. Juu yake huchorwa mstari wa mlalo unaoitwa sapoti, yaani bei ambayo huko nyuma soko lilishuka hadi hapo likagoma kushuka zaidi. Mafunzo mengi huishia hapo: bei ikigusa mstari, nunua. Hoja yangu ni kwamba mstari huo peke yake hauna nguvu. Kinachoupa uzito ni wingi wa miamala, yaani hisa au mikataba mingapi imeuzwa na kununuliwa bei ilipofika pale. Na wingi huo nao hauaminiki mpaka ujue umehesabiwa katika soko gani, na siku gani.

Sapoti si uchawi. Bei inaporudi mahali ilipowahi kugeukia, huwakuta waliokosa kununua mara ya kwanza na hawataki kukosa tena, pamoja na wale waliouza wakitarajia bei ishuke, ambao sasa wanafunga biashara zao wachukue faida. Mchumi Carol Osler, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani, alionyesha kwamba viwango ambavyo kampuni za fedha ziliwatangazia wateja wao vilikatiza mwendo wa bei za sarafu mara nyingi kuliko viwango vilivyochaguliwa ovyo. Utafiti ule ulihusu sarafu, lakini sababu inaeleweka hata kwenye fahirisi: oda hurundikana mahali ambapo wengi wanapatazama. Miamala ndiyo inayotuonyesha kama rundo hilo bado lipo. Bei ikifika kwenye sapoti huku miamala ikizidi kupungua, wauzaji wanaelekea kuishiwa. Miamala ikiwa mizito sana na bei bado haishuki, kuna mwenye mtaji mkubwa anayepokea kila kinachouzwa. Lakini bei ikivunja mstari kwa miamala mizito, ikafunga siku chini yake, basi walioulinda wamesalimu amri.

Tutazame mfano mmoja kwa karibu. Tarehe 24 Desemba 2018, siku ambayo soko la New York hufungwa mapema kwa ajili ya Krismasi, S&P 500 ilifunga kwenye pointi 2,351. Hiyo ilikuwa nusu siku yenye wafanyabiashara wachache, na sapoti iliyozaliwa hivyo haifai kuaminiwa haraka. Uthibitisho ulikuja tarehe 26, siku kamili ya biashara: bei iligusa takriban 2,347, ikageuka na kufunga ikiwa imepanda karibu asilimia 5. Mwaka 2020 Uviko-19 uliirudisha bei palepale. Tarehe 18 Machi ilizama hadi karibu 2,281, kisha ikafunga juu ya mstari, na aliyetazama mstari tu angesema sapoti imeshika. Tarehe 20 ilifunga 2,305, na tarehe 23 ikafunga 2,237. Miamala ya tarehe 20 ilikuwa mingi, lakini ilikuwa Ijumaa ya tatu ya Machi, siku ambayo mikataba mingi ya fahirisi na ya hisa hufikia ukomo wake kwa pamoja. Sehemu ya wingi ule ilitokana na kalenda, wala haikuwa hofu. Tarehe 24 soko likaruka zaidi ya asilimia 9, baada ya Benki Kuu ya Marekani kutangaza kwamba itanunua hati fungani kadiri itakavyohitajika.

Wapo watakaosema mfano huo unanipinga, kwa kuwa sapoti ilivunjika kwa miamala mingi na bado soko likapanda. Eugene Fama, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013, alikwisha kufundisha kwamba bei za jana hazimtajirishi mtu kirahisi. Nakubali. Hakuna chati ambayo ingeweza kujua uamuzi wa benki kuu. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kina faida kubwa zaidi: sapoti iliyothibitishwa na miamala inakuonyesha mahali pa kukiri kwamba umekosea, kabla hujaweka fedha. Mkataba mdogo wa S&P 500 unaouzwa Chicago tangu 2019 una thamani ya dola 5 kwa kila pointi. Ukinunua pointi 20 juu ya mahali utakapokata hasara, unahatarisha takriban dola 100. Kama akaunti yako haihimili dola hizo, biashara hiyo si yako, hata chati ipendeze vipi.

Kuna kasoro kubwa zaidi ambayo haizungumzwi vya kutosha. Fahirisi ni hesabu tu. Haiuzwi wala hainunuliwi. Miamala halisi ipo kwenye vitu vinavyoifuata, kama mfuko wa SPY ulioanza 1993, au mikataba ya E-mini ya Chicago iliyoanza 1997. Lakini anayetumia dalali wa mikataba ya tofauti ya bei (CFD) kwa kawaida huoneshwa idadi ya mara ambazo bei imebadilika kwenye mtambo wa dalali huyo. Watetezi husema idadi hiyo hupanda na kushuka pamoja na miamala halisi, na kwa jumla wako sahihi. Tatizo ni kwamba badiliko lililoletwa na mkataba mmoja na lile lililoletwa na mikataba elfu yote huhesabiwa moja. Pale kwenye sapoti, ukubwa wa oda ndio jambo lenyewe unalolitafuta.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa mikataba ya tofauti ya bei hupoteza fedha. Kwa hiyo, kabla ya kununua kwenye sapoti yoyote, muulize dalali wako zile nguzo zilizo chini ya chati zinahesabu nini. Akikujibu kwamba zinahesabu mabadiliko ya bei kwenye mtambo wake, tafuta takwimu za miamala za Chicago au New York za siku hiyohiyo, uzilinganishe ndipo uamue.