Ukifukuzwa Kazi, Hesabu Siku

Msomaji mpenzi, huenda wewe ni mpasua mbao wa Makambako, au mchuma chai karibu na Njombe. Jumamosi moja tajiri wako anakuambia, "Jumatatu usije." Unarudi nyumbani kimya. Mama watoto anauliza unga utanunuliwa kwa nini. Utafanyaje?

Wengine hutukana langoni, na matusi yale hugeuka kuwa kosa lao. Wengine hungoja wakitumaini kuitwa tena. Hao huumia zaidi, maana sheria haingoji.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilitungwa mwaka 2004, pamoja na sheria nyingine iliyounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mbele ya Tume hulazimiki kuwa na wakili. Waweza kujisemea mwenyewe, au kusemewa na chama chako cha wafanyakazi. Lakini shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Ukichelewa, itakubidi kwanza uombe ruhusa na kueleza sababu yenye nguvu. Kungoja huruma ya tajiri ni sababu dhaifu.

Basi jaza Fomu Namba 1 ya Tume. Andika kila unachodai, bila kusahau wala kuongeza. Mpe tajiri nakala, utunze ushahidi kwamba ameipokea.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kusanya mkataba, hati za mshahara, barua, na ujumbe wa simu. Huna mkataba wa maandishi? Usikate tamaa. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na mkibishana juu ya masharti hayo, yeye ndiye wa kuthibitisha. Tena, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Huenda imeandikwa kwamba umeacha kazi kwa hiari yako.

Kwanza mtakaa na msuluhishi. Huyu hahukumu, huwasaidia mpatane. Nenda ukijua kiasi utakachokubali, kwa kuwa mapatano yakitiwa sahihi yanawafunga wote wawili.

Msipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi. Hapo mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha mambo mawili: kwamba alikuwa na sababu ya haki, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kwa hiyo usihutubu juu ya ubaya wake. Waulize mashahidi wake maswali mafupi: "Niliitwa lini nijieleze? Barua ya kuniita iko wapi?" Kisha nyamaza, jibu lisikike. Nawe ukiulizwa, sema kweli, hata pale ulipokosea. Anayekubali kosa dogo huaminiwa katika neno kubwa.

Usikose kikao. Mlalamikaji asipofika, shauri lake laweza kufutwa. Kikao kikiwa Njombe nawe watoka Makambako, panda gari la alfajiri. Usiposhinda, waweza kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi ule, lakini huko nako siku zinahesabiwa.

Basi, ndugu yangu, neno la kuachishwa likikufikia, usilale kabla hujaandika mahali tarehe ya siku hiyo. Kesho asubuhi itakuwa imebaki siku 29.