Madoa meupe yakiisha, samaki bado hajapona



Leo nataka tuongee juu ya samaki, lakini si tilapia. Ni samaki wa bahari, wale wa rangi rangi wanaofugwa ndani ya akwariumu. Najua kuna atakayecheka: bahari yetu yote, kule Muanda, haifiki kilomita 50, na mtu wa Lubumbashi ataiona lini? Bon. Mwenzetu mmoja wa promosheni yetu yuko Ubelgiji, anafanya kazi mu duka la samaki wa mapambo. Juzi ameniandikia: "Ndugu, samaki walitoka madoa meupe kama chembe za chumvi. Nikatia dawa, siku ya ine madoa yakaisha. Kisha wiki moja yamerudi, tena mingi kuliko mbele. Hii dawa ni ya bongo?"

Nilimjibu kirefu. Jibu naliweka hapa juu wengi wenu mnaanzisha matanki ya tilapia nyumbani, wengine kwa feza ya kukopa, na shauri lenyewe ni moja.

Dawa si ya bongo. Ila si yenyewe iliyoondoa madoa. Yangeisha hata kama asingetia kitu.

Ugonjwa huu unaletwa na kimelea kinachoitwa Cryptocaryon irritans, kiumbe cha seli moja. Kila doa jeupe ni kimelea kimoja kilichojichimbia ndani ya ngozi ya samaki, kinakula. Kinakaa pale siku 3 hadi 7. Kikishiba kinatoka chenyewe, mara nyingi wakati wa giza, kinashuka chini, kinatambaa saa chache, kisha kinajifungia ndani ya kifuko kigumu juu ya mchanga, jiwe ao kioo. Humo kinajigawanya, kinajigawanya tena, hadi kifuko kimoja kinaweza kutoa watoto 200 na zaidi. Watoto hao wanaogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja ao mbili, wanakufa.

Sasa angalia vizuri. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi, ngozi ya samaki yenyewe inakikinga na dawa. Kikiwa ndani ya kifuko, ukuta wa kifuko unakikinga. Dawa unayotia mu maji inakipata wakati mmoja tu, zile saa mtoto anaogelea. Na vifuko havipasuki vyote siku moja: kimoja siku ya tatu, kingine wiki ya nne. Siku unaona samaki ni safi, ndiyo siku vimelea viko chini vinazaa. Njo maana mtu anayesimamisha dawa siku ya tano amesimamisha mbele ya vita kuanza.

Tena madoa si lazima yaonekane. Kimelea kinapenda matamvua, pale samaki anapopumulia. Samaki anayehema mbio, anayejisugua ku mawe, anayekataa chakula, huyo ni mgonjwa hata kama ngozi inang'aa. Na kama unaona vumbi laini badala ya madoa, na samaki wanakufa ndani ya siku chache, huo ni ugonjwa mwingine, wa Amyloodinium. Kwangua ute kidogo wa ngozi, weka chini ya mikroskopi. Ile ya shule inatosha.

Tuje ku dawa. Ya kwanza, ndugu zangu wa Katanga, ni shaba. Ile ile tunayoiona ikipita ku malori kuelekea Kasumbalesa! Sisi wa agronomia tunaijua sulfati yake ya bluu, ile tunayochanganya na chokaa na kupulizia nyanya. Kwa samaki wa bahari kipimo ni miligramu 0,15 hadi 0,20 ya shaba kwa lita moja, bila kushuka, wiki 3 hadi 6. Chini ya hapo watoto wa kimelea wanapona. Juu yake samaki naye anaumia. Tufanye hesabu. Akwariumu ya lita 100 inaomba miligramu 20 ya shaba. Shaba ni robo tu ya uzito wa sulfati, basi unapima miligramu 80, haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Kijiko cha chai kina karibu gramu 5, yaani mara 60 ya kipimo. Anayetia shaba kwa kijiko hatibu, anaua. Na mchanga wa matumbawe na mawe ya chokaa vinanyonya shaba, kwa hiyo unapima maji kila siku. Kamba, konokono na matumbawe yenyewe hawavumilii shaba, ndiyo sababu wagonjwa wanahamishwa ku tanki lingine lisilo na mchanga.

Njia ya pili haina sumu: unapunguza chumvi. Bahari ina karibu gramu 35 kwa lita. Unashusha polepole hadi 15 ao 16, unakaa hapo wiki 3. Samaki wengi wa mifupa wanavumilia juu damu yao ina chumvi kidogo kuliko bahari, lakini kimelea kinashindwa. Angalisho: kuna aina za kimelea zilizokwisha kuzoea maji kama hayo, na ule ugonjwa wa vumbi hauogopi njia hii hata kidogo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, juu inafaa mwanafunzi asiye na feza: matanki mawili tu. Kila siku 3 unahamisha samaki ku tanki safi, mara 4. Lile la kwanza unalisafisha, unalikausha kabisa. Kilichodondoka chini kinabaki nyuma mbele ya kupasuka. Hakuna dawa yoyote, ni kuheshimu kalenda.

Na lile akwariumu kubwa ulikotoa samaki? Linabaki bila samaki hata mmoja. Kuna vifuko vilivyoonekana kukaa hadi siku 72, njo maana wafugaji wengi wanasubiri siku 76. Wenye duka hawapendi kusikia hiyo hesabu.

Sasa tilapia. Mu maji matamu kuna Ichthyophthirius multifiliis, madoa yale yale, mzunguko ule ule, hata kama hivi viwili si ndugu wa karibu. Kwa digrii 25 mzunguko unaisha ndani ya wiki moja. Maji yakipoa unarefuka sana. Basi mu Juni na Julai, huku kwetu Lubumbashi usiku ukiwa baridi, ongeza siku za dawa, usiongeze dozi. Na hapa chumvi inageuka: samaki wa bahari tunampunguzia, wa maji matamu tunamwongezea, gramu 3 hadi 5 kwa lita, na tilapia anavumilia vizuri. Mtu akikuuzia kijani cha malakiti, kataa. Ulaya na Marekani kimekatazwa kwa samaki wa kula.

Lakini hiyo chumvi ni ya tanki. Bwawa la mita 200 za mraba lenye kina cha mita moja lina lita 200 000. Kwa gramu 3 tu ni kilo 600, mifuko 12 ya kilo 50, na maji yakibadilika unaanza upya. Nani ana hiyo feza? Kwa hiyo vifaranga wapya wakifika, hata kama muuzaji ni shemeji yako, waweke kwanza ku tanki la pembeni wiki 3, na wavu wao na ndoo yao visiguse bwawa.