"Usikuje" au "Usije"? Jinsi ya Kukataza kwa Kiswahili

Hapa Kosele wengi wetu tulianza na Kijaluo, Kiswahili kikatufuata baadaye. Kwa Kijaluo, kumkataza mtu si kazi: unaweka "kik" mbele, basi. "Kik idhi" ni usiende. Wakiwa wengi, "kik udhi". Huhitaji kugeuza irabu ya mwisho. Tukija kwa Kiswahili tunangoja urahisi uo huo, na hapo kalamu nyekundu ya mwalimu inapata kazi.

Kiswahili hugeuza neno pande zote mbili. Mbele hutiwa "usi-" kwa mmoja na "msi-" kwa wengi. Nyuma "a" huwa "e". Soma, usisome. Someni, msisome. Tazameni, ile "-ni" imekwenda zake, maana "m" ya mbele imeshabeba wingi. Kwa hiyo "msisomeni" ni kuvaa kofia mbili.

Hiyo "e" ndiyo ile ya "asome" na "tusome". Wahispania nao, walio mbali nasi ajabu, wana hila kama hiyo: "habla" ni sema, lakini usiseme ni "no hables". Kitenzi chao cha "e" nacho huchukua "a": "come" ni kula, "no comas" ni usile. Si mchezo!

Vitenzi vilivyotoka Kiarabu, kama sahau, jibu na samehe, haviishii kwa "a", hivyo mwisho wake haubadiliki: usisahau, msijibu.

Matata yako kwa vitenzi vya silabi moja. Tukiamuru tunasema "kula!", "kunywa!", lakini tukikataza "ku" hutoka: usile, usinywe. Na "njoo" hukanushwa kwa "usije". Lakini kutoka steji ya matatu mpaka bwenini utasikia "usikuje", "usikule". Kwa gumzo sawa tu, bwana, mtu ataelewa. Ila karatasi ya pili ya KCSE, ambayo sarufi ina alama 40 kati ya 80, haina gumzo. Afadhali hata hivyo kuliko "hapana piga kelele", Kiswahili cha walowezi wa enzi ya ukoloni, ambao walikataza kila kitu kwa "hapana".

Jambo moja vitabu hupita haraka. "Kik" husimama peke yake, mtu hawezi kukosa kuisikia. "Si" yetu imefichwa katikati ya neno. "Dawa hii unywe kabla ya kula" na "dawa hii usinywe kabla ya kula": silabi moja tu, na mgonjwa anafanya kinyume. Likizo, sisi ndio huwasomea nyanya zetu maandishi ya pakiti za dawa, tena pengine kwa simu inayokatakata. Mimi husema "usinywe" polepole, halafu naongeza "kik imadhe", kisha namwomba anirudishie alivyosikia.